Beseni la Mlangoni

6 Machi

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na pole na kazi za machinjioni. Sisi tupo. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo ni mzima, bado anamsimamia kila mtu hapa kuanzia mimi mpaka kuku wake wa kienyeji. Wifi yako anakusalimu, anasema lile gauni ulilomletea linambana, na amekataa kusema ni wapi. Watoto wanauliza shangazi anarudi lini. Nimewaambia shangazi ana foleni ya kuku wa kukagua, akimaliza wa mwisho atakuja.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu unajua mwenyewe, mimi na wewe kwa simu hatufikishi dakika tano bila kununiana. Breki, yule dereva wa gari lenu la kuku, amekuja kupakia kwa jirani, kasema atakukabidhi mkononi.

Sasa yaliyonikalisha chini. Wale vifaranga uliowaona ulipokuja, wale wa wiki mbili uliosema wamechangamka, wameugua. Siku nane baada ya wewe kuondoka niliingia bandani asubuhi nikakuta kinyesi kina damu. Nikadhani mmoja kajichuna. Nikainama nitazame vizuri: damu kila kona, kuku wamejikunyata, mabawa yamelegea, vilemba vimepauka. Mpaka leo nimezika mia na kumi na wawili. Muuza dawa alikuja, akampasua mmoja pale pale juu ya gunia, akanionyesha utumbo umevimba umejaa damu. Kasema ni kuhara damu, vimelea vya tumboni. Kanipa dawa ya kuchanganya kwenye maji.

Kisha akaniuliza: nani anaingia humu ndani? Dada, sikuhitaji kufikiri. Mama unamjua. Anatoka kwa kuku wake huko nyuma ya jiko, na ndala zake zile zile, anaingia kwangu eti kuwasalimia watoto. Nimemwambia mara ngapi akanyage beseni la dawa pale mlangoni na abadili viatu. Analizunguka, anasema dawa inamwasha miguu.

Wewe ndiye mkaguzi wa nyama, umelisomea jambo hili. Niambie bila kunizungusha: mtu anaweza kuleta ugonjwa huu kwa miguu yake? Nikipata jibu lako nitajua la kufanya.

Ni mimi mdogo wako.


20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa wiki nzima mbele ya usukani wa Breki, imenifikia ina duara la kikombe cha chai. Nimefurahi kusikia mdomo wa Mama ni mzima. Goti alikande kwa maji ya moto, asilipuuze. Wifi arudishe gauni nimtafutie kubwa, na asione haya, hata mimi siku hizi sketi nafunga kwa pini. Huku mvua haikatiki, sare hazikauki, tunaingia kazini tumevaa mbichi.

Pole sana kwa kuku. Niliisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Kuku anayebeba vimelea hivi huvitoa kwenye kinyesi, vidogo hata macho hayavioni. Vikikuta joto na unyevu, siku mbili vimekomaa, na kuku mwingine akividonoa vinakwenda kumla utumbo. Unyayo mmoja uliokanyaga kinyesi unatosha. Unyayo wa mtu, unyayo wa mbwa, hata gurudumu la toroli. Kuku wa kienyeji wanaweza kuvibeba na wakaonekana wazima kabisa. Na usilitegemee sana beseni, dawa nyingi haziviui. Kilicho muhimu ni viatu vya nje kubaki nje.

Lakini usiwe mwepesi wa kumnyooshea mtu kidole. Vimelea peke yao huwa havifiki mbali, vinataka mahali pa kustawi. Maranda yako ya kutandika bandani yakoje? Yamelowa? Kuna chombo cha maji kinachovuja? Yale maranda ya kundi lililopita uliyatoa yote? Nijibu hilo, tafadhali. Na ukishawapa dawa, usiuze kuku hata mmoja kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha.

Mama ni mtu mzima, mwende polepole. Nilikuwa na jingine la kuandika ila kengele ya zamu imelia.

Dada yako.


11 Aprili

Dada,

Habari za siku. Sisi tunaendelea. Mkubwa wangu kang'oa jino na anatembea nalo mfukoni kuwaonyesha wageni. Wifi yako gauni hakurudisha, amelifumua mwenyewe ubavuni na sasa anasema wewe ndiye uliyekosea kipimo. Mama goti lina nafuu.

Barua yako nilimsomea Mama sebuleni, mbele ya wote, neno kwa neno, ili asije akasema nimeongeza la kwangu. Nilipofika kwenye mambo ya unyayo akatazama miguu yake. Nikasubiri anirukie. Hakubisha. Dada, Mama asiyebisha mimi sijamzoea, nilikunja karatasi nikatoka nje kama mwizi.

Siku ya pili niliwachinja kuku wake wote tisa. Umesema mwenyewe wanabeba na hawaonyeshi. Wa mwisho alikuwa yule mwekundu, Mwenye Nyumba, yule anayeingia mpaka chumbani na mvua ikinyesha analala chini ya kitanda cha Mama. Alinisumbua kumkamata. Mama alimwita tu, akaja, akamshika miguu yeye mwenyewe, mimi nikachinja. Wifi yako akampika. Mama alisema hana njaa.

Banda nimelitia kufuli, ufunguo ninao mimi.

Waliobaki niliwauza, siku za dawa zilipokwisha. Breki kanirudishia kreti tupu pamoja na karatasi ya machinjioni kwenu: sitini na watatu wamekataliwa. Wamekonda, nyama ina rangi mbaya. Sikatai, niliwapakia mwenyewe na niliona kwamba si kuku wa kujivunia. Ila nataka kujua, siku hiyo ulikuwa kwenye meza ya ukaguzi? Kreti zangu nilizifunga kamba ya kijani, huwezi kuzikosa. Breki anasema alikuona na koti jeupe, lakini Breki naye huona mengi.

Yale mengine uliyouliza nitakujibu nikitulia.

Mdogo wako.


14 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa, na safari hii si kosa la Breki. Kila nilipoanza kuandika nilichana.

Mpongeze mkubwa kwa jino. Mwambie wifi mimi na vipimo ni maadui tangu shuleni, amenipatia. Huku tumeletewa mkaguzi mwenzangu mpya, kijana wa watu mpole, siku ya kwanza alitapika, siku ya pili akaja na ndimu mfukoni. Nimemzoea haraka.

Kuhusu wale waliokataliwa. Usidhani kuna aliyewaonea. Kuku aliyeharibika utumbo anakula vizuri tu lakini chakula hakimwingii, kwa hiyo anajila mwenyewe, na anaanzia kidarini. Ukimshika unakutana na mfupa. Ngozi imekauka imegandia nyama, na nyama yenyewe sehemu imepauka, sehemu imekuwa nyekundu ya kukolea, haina mafuta. Ukiipika inakuwa nyuzi. Vimelea hivyo havimpati mtu, nalisema hilo ili usikose usingizi. Lakini utumbo mbovu ni rahisi kupasuka wakati wa kuutoa, na ukipasuka unamchafua huyo kuku na anayemfuata, na uchafu huo ndio unaomlaza mlaji. Ndiyo maana tunawatoa.

Mezani huwa tunakaa wawili kwa zamu, na siku zinafanana.

Nimesoma habari za Mwenye Nyumba. Mdogo wangu, sikukuambia uchinje. Najua pia sikukuambia usichinje. Nimemtumia Mama shuka zito kwa mkono wa Breki. Mwambie aje akae na mimi miezi miwili mitatu, chumba kipo. Na barua zangu usimsomee tena, msalimie tu.

Maranda hujanijibu.

Dada yako.


25 Juni

Dada,

Hujambo? Sisi hatujambo kwa mdomo. Shuka limefika, Mama amelikunja akaliweka kabatini, anasema ni zuri mno, si la kutumia. Kwako hatakuja, amesema kuna ngazi nyingi.

Nikueleze Mama alivyo sasa, maana hili silisemi na mtu. Alikuwa na kigoda chake pale karibu na mlango wa banda, anachambua mboga huku anawasikiliza kuku. Amekihamishia nyuma ya jiko, kwenye ukuta, pale palipokuwa na kuku wake. Anachambua mboga akitazama ukuta. Na ananawa miguu. Akitoka chooni ananawa, akitoka dukani ananawa, kabla ya kuingia jikoni anapita bombani ananawa tena, na goti lile, anashika ukuta ndipo ainame. Watoto walimcheka mwanzo. Sasa hawacheki. Wifi yako alinitazama juzi tu, na mimi nikajifanya natafuta ufunguo.

Haya, sasa sikia. Mwisho wa Mei nilileta vifaranga wapya. Kufuli liko mlangoni, mimi peke yangu naingia, na viatu nabadili. Kuku wa kienyeji hakuna hata unyoya. Mama hajakanyaga kule tangu Machi. Na wiki iliyopita, wakiwa na wiki tatu, damu imerudi.

Nimekaa pale bandani na ndoo ya dawa mkononi. Kama si Mama, mimi nimefanya nini? Nimemnyang'anya mama yangu kuku wake mbele ya wajukuu.

Dada, nilikuuliza kama ulikuwa mezani ukanijibu kwamba siku zinafanana. Tangu lini siku kwako zikafanana, wewe unayekumbuka mpaka leo nani alivunja birika mwaka ule? Kuna kitu unakijua. Niandikie.

Mdogo wako.


30 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii inakuja kwa basi, sikutaka imsubiri Breki. Salamu zitakuwa mwishoni leo, nikianza nazo nitajificha humo humo.

Ni mimi. Siku ile ya kuja kwako nilitoka zamu moja kwa moja kwenda stendi. Viatu vyangu vya safari vilikuwa vimelowa, nikabaki na buti za kazini. Nilizisuuza bombani juu juu, sikuzisugua, basi lilikuwa linaondoka. Hizo buti zilikuwa zimeshinda uwanja wa kupokelea kuku, kwenye kinyesi cha kreti za mabanda zaidi ya ishirini. Nikaja nazo mpaka kwako.

Ulisimama mlangoni mwa banda unacheka, ukasema, "Mkaguzi, ingia uone kazi." Beseni lilikuwepo, na kando yake jozi ya viatu vya bandani. Niliviona vyote viwili. Kazini nikimwona mtu analiruka beseni namwandikia onyo, na nimewaandikia wengi. Siku hiyo nililiruka mimi. Miaka yote nikija kwako naanza kwa kukukosoa, kuku hivi, maji vile, mpaka unanuna. Siku ile ulikuwa na furaha, nikataka kuingia kama dada tu, nisianze kuuliza viatu na dawa. Niliinua mguu nikapita. Ilikuwa hatua moja.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza, pale ulipoandika siku nane. Ndizo siku zinazotakiwa tangu vimelea viingie mpaka damu ionekane. Ukaniuliza kama mtu anaweza kuleta ugonjwa kwa miguu, na mimi nikakujibu kama kitabu, nikaandika unyayo wa kila kiumbe isipokuwa wangu. Nilijua uliyekuwa ukimfikiria ni Mama. Nilijua na nikafunga bahasha.

Na mezani nilikuwepo. Niliitambua kamba ya kijani kreti zikiwa bado kwenye gari. Wale sitini na watatu niliwakataa mimi, kwa mkono wangu, nisingeweza kuwaacha waende kwa watu. Mwenzangu aliniuliza hizi ni za nani. Nikasema sijui.

Niliogopa nini? Si kazi. Nilikuogopa wewe, kwamba kuanzia hapo nikikuambia jambo lolote utanitazama miguu. Kwa woga huo nikamwachia Mama abebe. Nilipoandika umwende polepole nilijiona nimemtetea. Naona aibu hata kuliandika.

Naomba kitu kimoja. Msomee Mama barua hii sebuleni, mbele ya wote, neno kwa neno, kama ulivyomsomea ile. Usiruke hata mstari.

Msalimie wifi, wasalimie watoto. Mama sijui nimsalimie vipi.

Dada yako.


9 Julai

Dada yangu,

Tumepata barua yako Jumatano. Nimesubiri siku tatu ndipo nijibu, kwa sababu mimi pia nilikuwa na la kwangu, na nilitaka kwanza nilifanye ndipo nilisimulie.

Umeniuliza habari za maranda zaidi ya mara moja, nami nikakupa habari za jino, mara za shuka. Maranda ya kundi lililopita sikuyatoa. Nilimwaga mapya juu yake, yakafunika vizuri, wewe mwenyewe ulisifu yalivyong'aa. Ile kona ya mwisho chombo cha maji kilikuwa kinavuja tangu Januari. Nilikiwekea jiwe. Na kundi la Mei nililiingiza juu ya yale yale, nikaongeza tena mapya, kwa sababu nilikuwa nimekwisha amini kwamba mkosaji ni Mama, kwa hiyo banda langu halina kosa. Mama aliniambia mara mbili kabla hujaja, "Mwanangu, humu mnanuka." Nikamjibu yeye anajua kuku wa nyuma ya jiko, hii ni biashara.

Muuza dawa anasema vimelea vinaweza kuwa vyako, vinaweza kuwa vya humo humo tangu kundi lililopita, hakuna atakayejua. Nilitaka sana aseme ni vyako. Sikufichi.

Basi nilimsomea Mama kama ulivyotaka. Sebuleni, wifi yako yupo, watoto wapo. Nilipofika kwenye lile la woga nilikunywa maji nikaendelea. Nilipomaliza yako nikasema yangu. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

Akasema, "Nilimwona."

Nikamuuliza, ulimwona nani?

"Dada yako. Si nilikuwa nimeketi pale pale mlangoni? Alinyanyua mguu juu ya beseni, nikacheka moyoni, nikasema huyu naye kama mimi, dawa inamwasha. Sikuwa na habari kwamba ni jambo kubwa. Halafu ukanisomea barua yake. Unyayo, unyayo, unyayo. Nikajua mwanangu anaandika wake."

Wifi yako akauliza, "Na maranda, Mama?"

"Maranda si nilikuwa nayanusa."

Dada, nilishindwa kukaa. Nikamwambia, ulijua yote mawili na ukamshika Mwenye Nyumba miguu, mimi nikachinja? Kwa nini hukusema? Akapepeta ule mchele, akatoa kijiwe, akasema, "Kuku nitafuga wengine. Ninyi nimebaki nao wawili, na kwa simu tu mnanuniana."

 Aliinuka akaenda kupika.

Siku iliyofuata nilifungua banda na koleo. Kuku waliobaki niliwahamishia stoo. Nilichimba kama mtu anayefukua kaburi, chini ya maranda meupe kulikuwa na tabaka jeusi, lililoshikana, linalotoa mvuke. Mama alikuja na kigoda chake akaketi mbali kidogo, upande ule wa zamani, akawa ananielekeza: pale bado, pale bado. Nilifurahi kuamrishwa. Ufunguo wa kufuli nimempa yeye. Jirani ameahidi mitetea wawili wa kienyeji, mmoja mwekundu, ingawa Mama amesema asiitwe Mwenye Nyumba.

Lakini sitaki udhani yamekwisha. Jioni ya siku ile ile, koleo limewekwa, tumemaliza, nikamwona tena bombani. Ameshika ukuta, anainama na lile goti, ananawa miguu. Nikamwendea nikamwambia, Mama, acha, umesikia mwenyewe kwamba hukuwa wewe. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Miguu ndiyo bado haijasikia."

 Nilivua viatu nikasimama naye, nikanawa na mimi.

Njoo, Dada. Bomba bado liko pale pale.

Mdogo wako.